Kuchagua hedifoni na iafoni kwa bajeti ndogo: mwongozo kwa mnunuzi wa Mwanza

Miaka michache iliyopita nilinunua hedifoni kubwa ya kufunika masikio kwenye mojawapo ya meza za biashara zinazopangwa kandokando ya barabara, si mbali na Makoroboi, na niliinunua kwa sababu moja tu ambayo leo inanichekesha: ilikuwa nzito. Niliipima mkononi, nikailinganisha na nyingine iliyokuwa nyepesi kama ganda la karanga, nikaamini kwamba uzito ule ulikuwa wa sumaku na vyuma vya maana. Upande wa kulia ulikufa kabla mwezi haujaisha. Nilipoifungua kwa bisibisi nilikuta ndani ya kila kikombe kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi, ambacho hakikuunganishwa na waya wowote wala hakikuwa na kazi yoyote isipokuwa kumshawishi mtu kama mimi. Spika yenyewe, ile ambayo hasa ndiyo niliyodhani ninailipia, ilikuwa kidude chepesi kilichoshikiliwa na nukta mbili za risasi.

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye kati ya shilingi 10,000 na 60,000, anayetaka kifaa cha kutembea nacho, na ambaye hana nafasi ya kukosea mara mbili. Katika kiwango hicho cha fedha sauti nzuri inapatikana, na inapatikana kweli, ila haiji pamoja na kila kitu kingine. Ukilipia betri, kasha lenye taa, jina kubwa na boksi linalong'aa, kinachobaki kwa ajili ya spika na waya ni kidogo sana. Kwa hiyo kazi ya mnunuzi wa bajeti ndogo ni kujua vitu viwili au vitatu vinavyostahili fedha yake na kuvikataa vilivyobaki bila aibu. Hapa nitaita hedifoni kile kifaa kinachovaliwa kichwani, na iafoni kile kidogo kinachoingia au kukaa sikioni, kama ambavyo wauzaji wetu wengi hutamka.

Anza na mahali utakaposikilizia

Mtu anayepanda daladala kila asubuhi kutoka Igoma hadi mjini, mwanafunzi anayerudia mihadhara chumbani kwake Malimbe, na mfanyabiashara anayekaa saa kadhaa kwenye meli ya kwenda Nansio hawahitaji kifaa kimoja, hata kama wote watatu wana fedha ileile. Daladala ina mngurumo mzito wa injini usiokatika, na juu yake kuna konda anayeita abiria, redio ya dereva na honi. Abiria aliyevaa iafoni zinazovujisha sauti hana njia ya kushindana na kelele hiyo isipokuwa kupandisha sauti ya simu, na hapo ndipo masikio yanapoanza kuumia bila mwenyewe kujua. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, huweka kipimo cha kusikiliza kwa usalama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa desibeli 83 unabaki na saa 20, kwa 86 saa 10, na kwa 89 saa 5 tu kwa wiki nzima. Mtu anayesafiri saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku sita kwa wiki, huku amepandisha sauti hadi juu, anaweza kuzimaliza saa hizo kabla Jumatano haijaisha.

Hiyo ndiyo sababu kwa msafiri wa daladala ninapendekeza iafoni za kuingia ndani, zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio. Mpira huo hupunguza kelele ya nje kwa njia ya kawaida kabisa, kama kidole kinavyofanya, na hivyo muziki unasikika vizuri sauti ikiwa ndogo. Zile iafoni za plastiki ngumu, zinazokaa mlangoni mwa sikio bila mpira, ni nyepesi na hazichoshi, lakini ndani ya daladala hazifai. Mahali pake ni nyumbani, dukani, au njiani kwa mtu anayetembea kwa miguu, ambaye anapaswa kuendelea kusikia bodaboda inayomjia nyuma. Juu ya bodaboda yenyewe, uwe dereva au abiria, ushauri wangu ni kutovaa chochote.

Hedifoni ya kufunika sikio lote ni nzuri kwa mtu anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa sababu haimgusi ndani ya sikio na kwa kawaida haichoshi haraka. Tatizo lake kwetu ni joto: mchana wa Mwanza, sponji zilizofunikwa kwa ngozi bandia hukusanya jasho ndani ya nusu saa, na ngozi hiyo huanza kubanduka vipande vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Ukiipenda, chagua ambayo sponji zake zinatoka na kubadilishwa. Hedifoni ndogo inayolalia juu ya sikio, ambayo wengi huiona kama njia ya kati, mimi huiona kama hasara za pande zote mbili, kwa maana inabana masikio na bado inaruhusu kelele kuingia, ingawa nakubali kwamba inakunjika vizuri na kuingia kwenye mkoba.

Waya au bila waya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wanunuzi wa bajeti ndogo zinapopotelea. Kwa bei ileile, iafoni za waya karibu siku zote zitakupa sauti bora kuliko zisizo na waya, na sababu yake si siri. Ndani ya kila kipande kisicho na waya mna betri, chipu ya Bluetooth, maikrofoni na kifaa cha kukuza sauti, na nje kuna kasha lenye betri yake na saketi ya kuchajia. Vyote hivyo vimelipiwa kutoka katika elfu ishirini zako kabla spika haijafikiriwa. Iafoni ya waya ina spika mbili, waya, pini, na pengine maikrofoni yenye kitufe. Basi.

Jambo la pili ni umri. Betri iliyo ndani ya kipande kimoja cha sikioni kwa kawaida ina ukubwa wa mAh 30 hadi 60, wakati simu nyingi za leo zina mAh 5,000. Betri ndogo kiasi hicho huchajiwa mara kwa mara, na betri za lithiamu hupungua uwezo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Kwa mtu anayezitumia kila siku, mwaka mmoja na nusu au miwili inatosha kuzifanya zizime katikati ya safari, na kwa kuwa zimefungwa kwa gundi, fundi wa kawaida hana namna ya kubadilisha betri hiyo. Waya nao hukatika, lakini waya ukikatika unaungwa, na nitaeleza namna hiyo baadaye.

La tatu ni redio, ambalo sijaliona likitajwa na muuzaji yeyote. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa iafoni kama antena. Matangazo ya FM husafiri kwa mawimbi yenye urefu wa takriban mita 3, na antena nzuri huhitaji walau robo ya urefu huo, yaani kama sentimita 75, kwa hiyo waya wa iafoni wenye mita moja na kidogo unafaa kabisa. Chomoa waya, na simu itakuambia uchomeke iafoni kwanza. Mtu anayefuatilia mpira redioni jioni akiwa kijiweni, au mvuvi anayetaka taarifa ya habari kabla ya kuingia ziwani, akinunua vifaa visivyo na waya atalazimika kusikiliza redio kwa intaneti, na bando lake litalijua hilo.

Zisizo na waya zina haki yake, nami ninazo. Zinafaa kwa mtu anayefanya kazi ya mikono, anayepakia mizigo, anayepika, au anayefanya mazoezi, ambapo waya hunasa kila mahali. Zinafaa pia kwa mwenye simu isiyo na tundu la iafoni. Ila zijue tabia zake. Sauti ya Bluetooth huchelewa, na katika vifaa vya bei nafuu ucheleweshaji huo unaweza kufika sehemu ya tano ya sekunde. Programu nyingi za video husawazisha picha na sauti ili usione tofauti, lakini michezo ya simu haifanyi hivyo, na mchezaji atasikia risasi baada ya kuiona. Aidha, mawimbi ya Bluetooth humezwa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali na kipande kikuu kikiwa sikio la upande wa pili, sauti inaweza kukatakata hata kama boksi limeandika mita 10.

Ukichagua waya, angalia pini kabla ya kuangalia rangi. Pini ya kawaida ina kipenyo cha milimita 3.5. Yenye mistari miwili myeusi haina maikrofoni, na yenye mistari mitatu inayo. Sasa, mpangilio wa zile sehemu nne za pini yenye maikrofoni uliwahi kuwa wa aina mbili, na baadhi ya iafoni za zamani au za bei ya chini kabisa bado zina mpangilio usiolingana na simu za leo. Dalili yake ni ya ajabu, na ukiifahamu hutaisahau: ala zinasikika kwa mbali, kama vile mwimbaji ametoka chumbani na kuwaacha wapigaji peke yao. Bonyeza kitufe cha maikrofoni na ukishikilie. Mwimbaji akirudi, mpangilio wa pini haulingani na simu yako. Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, vua kava la simu, kwa sababu kava nene linaloizuia pini isizame hadi mwisho huleta dalili hiyohiyo.

Kwa simu zenye tundu la USB-C pekee, kuna mtego mwingine. Baadhi ya simu hutoa sauti iliyokwisha kutafsiriwa kupitia tundu hilo, na nyingine hutoa data tupu ambayo lazima itafsiriwe na chipu iliyo ndani ya iafoni au adapta. Adapta ya bei rahisi isiyo na chipu hufanya kazi kwenye simu za aina ya kwanza tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na mara nyingi hata muuzaji hajui, hivyo dawa yake ni moja: chomeka kwenye simu yako mwenyewe ukiwa bado umesimama mbele ya kaunta.

Mpira wa sikio ni nusu ya sauti

Nimeona watu wakitupa iafoni nzuri kwa madai kwamba hazina besi, kumbe kosa lilikuwa mpira wa shilingi mia kadhaa. Iafoni ya kuingia ndani hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio, na hewa hiyo ikipata mwanya wa kutokea, sauti nzito ndiyo ya kwanza kupotea. Kinachobaki ni sauti kali, nyembamba, ya bati. Ndiyo maana boksi la iafoni za maana huwa na mipira ya saizi tatu, na ndiyo maana inashangaza kuwa wengi wetu tunatumia ile iliyokuja imevishwa na kuziacha nyingine zipotee na boksi.

Jaribio lake ni jepesi. Vaa iafoni huku muziki wenye besi ukicheza, kisha sukuma kila upande kidogo kwa ncha ya kidole. Besi ikiongezeka unaposukuma na kupungua unapoachia, mpira ni mdogo kwa sikio lako, au haujakaa sawasawa. Kwa kuvaa vizuri, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza iafoni huku ukiizungusha kidogo, halafu achia sikio. Usishangae ukigundua kwamba sikio la kushoto linataka saizi ya kati na la kulia linataka kubwa, kwani masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana. Mimi mwenyewe niko hivyo, na nilifika umri wa miaka thelathini na kitu kabla ya kujua. Ukihisi maumivu ndani ya dakika kumi, mpira ni mkubwa mno au shingo ya iafoni ni nene, na hakuna kuzoea. Chagua nyingine.

Ikiwa una shilingi elfu chache zilizobaki baada ya kununua, nunua mipira ya akiba, kwanza ile laini ya silikoni, na ukibahatika ile ya sponji inayominywa kwa vidole na kupanuka yenyewe ndani ya sikio. Ya sponji huzuia kelele ya injini kuliko ya silikoni, lakini huchakaa haraka na haioshiki vizuri.

Maandishi ya boksi

Mengi unaweza kuyapita. Boksi likiandika 20 Hz hadi 20,000 Hz, limeandika tu mipaka ya usikivu wa binadamu, na halikuambii chochote kuhusu jinsi kifaa kinavyosikika katikati ya mipaka hiyo. Ukubwa wa spika kwa milimita si ushahidi wa ubora. Toleo la Bluetooth, 5.0 au 5.3, lina umuhimu kiasi kwa matumizi ya betri na uthabiti wa muunganisho, lakini halifanyi spika mbaya kuwa nzuri. Kwa vifaa vya waya, namba moja inafaa kutazamwa: omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Kati ya 16 na 32 simu yoyote itavisukuma vizuri, lakini ukikuta hedifoni ya studio yenye omu 250 kwa bei ya kutupwa, iache, kwa maana kwa simu yako itatoa sauti ya mnong'ono.

Kuna herufi ambazo huwalaghai watu wengi, nazo ni ANC na ENC. Ya kwanza ni teknolojia ya kufuta kelele masikioni mwako: maikrofoni husikia kelele ya nje na spika hutoa wimbi lililo kinyume chake, nayo hufanya kazi vizuri dhidi ya mngurumo usiobadilika, kama wa injini ya basi au ya meli, na vibaya dhidi ya sauti za watu. Ya pili husafisha sauti yako kwa ajili ya yule unayempigia simu, na haikupunguzii wewe kelele hata kidogo. Boksi lenye ENC kwa herufi kubwa huuzwa kila siku kwa mtu aliyeomba ya kufuta kelele. Na hata ANC ya kweli, kwa bajeti hii, mara nyingi huzidiwa na mpira unaoziba vizuri.

Kwa wakazi wa pwani ya ziwa, tazama pia alama ya IPX. IPX4 maana yake ni kwamba kifaa kinastahimili matone yanayorushwa kutoka upande wowote, yaani jasho, manyunyu ya mvua, na maji yanayoruka ubavuni mwa mtumbwi. IPX7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Ile X haimaanishi ubora wowote, bali kwamba hakuna daraja la kuzuia vumbi lililotajwa. Kumbuka kwamba mara nyingi alama hizo ni za vipande vya sikioni na si za kasha, kwa hiyo usirudishe vipande vilivyolowa ndani ya kasha kabla ya kuvikausha.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi, kabla maduka ya simu ya katikati ya mji hayajajaa watu, na nenda na simu yako ikiwa na chaji pamoja na sauti tatu ulizozihifadhi kwenye simu yenyewe, ili usitegemee mtandao. Sauti ya kwanza iwe ya mtu anayezungumza, kwa mfano mtangazaji au mhubiri unayemfahamu vizuri. Ya pili iwe kwaya, yenye sauti nne zinazoingiliana. Ya tatu iwe na ngoma nzito, na kwa hili ngoma za bugobogobo zinafaa kuliko nyimbo nyingi za kisasa, kwa sababu mapigo yake yana mwanya kati yake, na katika mwanya huo ndipo utasikia kama besi inakoma inapotakiwa au inaendelea kuvuma kama pipa tupu.

Weka sauti ya simu nusu, usiipandishe. Katika mazungumzo, sikiliza herufi s na sh: zikichoma kama mluzi, kifaa hicho kitakuchosha kabla daladala haijafika Buzuruga. Katika kwaya, jaribu kumfuata mwimbaji mmoja wa sauti ya kati, na kama amemezwa kabisa, besi imezidishwa ili kuficha udhaifu. Hilo ni jambo la kawaida mno katika vifaa vya bei nafuu, na ndilo linalowafanya watu waseme "hii ina mziki" ndani ya sekunde kumi za kwanza, kisha waichukie baada ya wiki. Jipe dakika tano kwa kila kifaa, hata kama muuzaji anatazama saa.

Baada ya hapo, shika waya karibu kabisa na pini, uukunje taratibu huku na huku wakati sauti inacheza, ufanye hivyo tena pale waya unapogawanyika, na pale unapoingia katika kila kipande. Mkwaruzo wowote, au upande mmoja kukatika hata kwa nusu sekunde, ni sababu ya kutosha ya kurudisha. Badilisha vipande, cha kushoto kiende sikio la kulia, uone kama kilichosikika upande mmoja kimehama. Piga simu kwa rafiki aliye nje ya duka, pale kwenye Barabara ya Nyerere au popote penye magari, umwambie akusikilize na akueleze ukweli.

Utaambiwa, "Kaka, ukifungua boksi umenunua." Sioni ubaya wa msimamo huo, kwani hakuna anayependa kununua kitu kilichokwisha kuingia masikioni mwa wateja kumi. Jibu la heshima ni kuomba ile ya maonyesho, au kukubaliana mapema kwamba utalipa, utafungua, utajaribu palepale, na ikiwa mbovu utabadilishiwa kabla hujaondoka. Muuzaji anayekataa hata hilo amekwisha kukuambia anachokijua kuhusu bidhaa yake. Beba mipira yako mwenyewe kwa ajili ya kujaribia. Dai risiti, kama kaulimbiu ya Mamlaka ya Mapato inavyotuhimiza, si kwa ajili ya kodi tu bali kwa sababu bila karatasi hiyo ahadi ya waranti ya miezi sita ni maneno ya mdomoni.

Kuhusu bidhaa bandia, kanuni yangu imebaki moja tangu siku ile ya vipande vya chuma: jina kubwa la dunia kwa bei ya mlo wa sato ni bandia, na hakuna sababu ya kulijadili. Hata simu ikionyesha jina la kifaa cha kampuni maarufu wakati wa kuunganisha, hiyo si hoja, kwa sababu mtengenezaji wa bandia anaweza kuandika jina lolote. Kosa la tahajia kwenye boksi, namba moja ya utambulisho iliyochapwa kwenye maboksi mawili tofauti, na plastiki yenye ukingo unaokwaruza kidole ni dalili za kuaminika zaidi. Kwa fedha hiyohiyo ni afadhali kununua kifaa halisi cha kampuni ya kawaida inayolenga soko letu, kama Oraimo, ambayo imetoka katika kundi la Transsion linalotengeneza pia simu za Tecno, Infinix na itel, kuliko kununua nakala ya kitu ambacho chenyewe huuzwa mara kumi ya bei uliyolipa.

Namna ningegawa fedha

Mwenye shilingi 20,000 ningemshauri aelekeze zote kwenye iafoni za waya zenye maikrofoni, mipira ya akiba, na kimfuko kidogo cha kuhifadhia. Mwenye 50,000 ana kishawishi cha kununua zisizo na waya za bei hiyo yote, na kama kazi yake ni ya mikono, afanye hivyo. Vinginevyo ningezigawa: sehemu kubwa kwa iafoni nzuri za waya za kusikilizia muziki na redio, na kiasi kinachobaki kwa jozi nafuu isiyo na waya ya kupokelea simu, ambayo betri yake ikifa haitauma sana. Hedifoni kubwa ningeiacha kwa mwanafunzi na kwa mtu wa ofisini.

Kutunza na kutengeneza

Usizungushe waya kwenye simu huku pini ikiwa imechomekwa, kwa kuwa kona hiyo kali ndiyo inayoua iafoni nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukunje kwa mizunguko mipana kwenye vidole vinne, uuweke kwenye kimfuko. Mara moja kwa wiki toa mipira, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Wavu mdogo ulio mdomoni mwa spika usafishe kwa mswaki mkavu, wavu ukiwa umetazama chini ili uchafu udondoke badala ya kuzama ndani. Kabla ya kusema upande mmoja umepungua sauti, tazama wavu huo dhidi ya mwanga, kwa sababu mara nyingi ni nta ya sikio tu.

Waya ukikatika karibu na pini, usitupe. Mpelekee fundi simu akate sentimita mbili au tatu juu ya palipoumia na kuunga pini mpya ya chuma, ile inayofunguliwa kwa kuzungushwa, na ukiweza simama umwone akifanya. Ndani ya waya kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa vanishi ya rangi, kwa kawaida nyekundu kwa upande wa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na rangi ya shaba kwa waya wa pamoja, na vanishi hiyo haipitishi umeme. Fundi anayejua kazi huichoma kwanza kwa ncha ya moto ya chuma chake cha kuungia risasi, hadi nyuzi zing'ae kwa risasi, ndipo aziunge. Anayeunga juu ya vanishi atakurudishia iafoni inayocheza mezani kwake na kunyamaza ukifika kituoni. Kabla ya kumlipa, chomeka kwenye simu yako, ukunje waya pale palipoungwa mara tatu au nne, na usikilize pande zote mbili.